Gobore la kaliba ipi? Uzito wa risasi, msokoto wa mtutu na sheria ya porini

Ukiingia katika duka la Marekani linalouza magobore ya mifereji, muuzaji atakumwagia namba mfululizo: thelathini na mbili, thelathini na sita, arobaini, arobaini na tano, hamsini, hamsini na nne, hamsini na nane. Hizo ni kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu kwa sehemu za mia za inchi. Hamsini ni nusu inchi, milimita 12.7. Arobaini na tano ni milimita 11.4, hamsini na nne ni 13.7. Kwa macho, kati ya namba moja na jirani yake kuna milimita moja na ushei tu, ndiyo maana mnunuzi mgeni hudhani ni suala la kupenda, kama rangi ya kitako. Milimita hiyo moja ndiyo inayoamua unaruhusiwa kuwinda nini, utatumia baruti kiasi gani kwa mwaka, na kama bega lako litakubali kurudi uwanjani Jumamosi ijayo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, gobore ni ile bunduki ya fundi wa kijijini, mtutu wa bomba la maji, ndani laini, inayoshindiliwa chochote kilichopo. Hesabu za makala haya zisijaribiwe humo kabisa. Bomba la maji lilitengenezwa kubeba maji, na linapopasuka hupasukia karibu na uso na mkono wa kushoto. Tunazungumzia raifo za kushindilia zenye mtutu wa chuma uliopimwa, zenye mifereji ya msokoto ndani, zinazowashwa kwa gumegume (jiwe la kutoa cheche) au kwa fataki (kikombe kidogo chenye kilipuzi kinachogongwa na nyundo), ambazo Wamarekani na Wazungu huzitumia kwa mashindano ya shabaha na kwa misimu maalumu ya uwindaji. Silaha ni silaha: popote ulipo, kibali kinatangulia.

Sasa hesabu. Risasi ya asili ya gobore la namna hii ni ya duara, kama goroli, imesubuliwa kwa madini laini ya risasi yasiyochanganywa. Huvikwa kiraka cha kitambaa kilicholoa mafuta, kwa hiyo huwa ndogo kidogo kuliko tundu: mtutu wa .50 hula risasi ya .490, mtutu wa .45 hula ya .440. Uzito wa kitu cha duara haupandi sambamba na upana wake. Zidisha upana mara mbili, uzito unakuwa mara nane. Tazama jinsi gramu zinavyokimbia:

.32, gramu 2.9
.36, gramu 4.2
.40, gramu 5.8
.45, gramu 8.3
.50, gramu 11.5
.54, gramu 14.5
.58, gramu 18

Kutoka .45 hadi .54 tundu limepanuka kwa asilimia 20 tu, lakini risasi imeongezeka uzito kwa asilimia 75. Kwa anayesubu mwenyewe, kilo moja ya madini ya risasi inatoa goroli 120 za .45, au 69 tu za .54. Kwa .36 zinatoka kama 240. Hapo ndipo mjadala wote wa kaliba ulipo: unaponunua namba unanunua uzito, na ukishanunua huwezi kuurekebisha.

Watu hujaribu kuurekebisha kwa baruti. Wana .45, wanataka ifanye kazi ya .54, basi wanaongeza kipimo. Tatizo ni hewa. Umbo la duara ni baya sana kwa kupasua hewa, na kadiri linavyokwenda kasi ndivyo hewa inavyolikaba zaidi. Risasi ya .50 ikisukumwa na greni 80 za baruti (greni moja ni gramu 0.065) hutoka mdomoni kwa mwendo wa karibu mita 540 kwa sekunde. Ikifika mita 90 imebaki na karibu mita 300 kwa sekunde, na nishati yake imeshuka chini ya theluthi ya ile ya mwanzo. Ukiongeza baruti, kasi ya ziada inaliwa katika mita chache za mwanzo, huku teke, moshi na masizi vikibaki kwako vyote. Risasi kubwa hupoteza mwendo polepole zaidi kwa sababu ina uzito mwingi kwa kila sentimita ya uso inaoupeleka mbele. Kwa hiyo dawa ya umbali, kwa risasi ya duara, ni upana.

Wawindaji wa zamani walilijua hili, na wengine wakalipeleka mbali mno. Frederick Selous, ambaye kaburi lake liko Beho Beho, kusini mwa Tanzania, alikouawa Januari 1917, alipoanza kuwinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870 alibeba magobore ya mtutu laini yaliyotupa risasi ya robo ratili, gramu 113, karibu mara kumi ya ile ya .50. Yaliangusha tembo. Pia yalimpiga mateke kiasi kwamba baadaye aliandika kuwa yaliathiri ulengaji wake kwa miaka mingi. Kikomo cha juu cha kaliba kimewekwa na mwili wa mpigaji.

Kwenye uwanja wa shabaha

Karatasi haihitaji kuuawa. Inahitaji tundu mahali pamoja, mara nyingi, bila mpigaji kuanza kufumba macho kabla ya mlipuko. Mashindano ya kimataifa yanayosimamiwa na MLAIC, shirikisho la wapigaji wa magobore, humpa mshindani dakika 30 kwa risasi 13, na 10 bora ndizo zinazohesabiwa. Friendship, Indiana, ambako chama cha wapigaji wa magobore cha Marekani, NMLRA, kilichoanzishwa 1933, hufanyia mashindano yake, mtu anaweza kupiga siku nzima. Kwa kazi hiyo, kaliba za .40 na .45 ndizo zenye raha. Mtutu wa .40 hupiga vizuri kwa greni 30 hadi 40 za baruti. Ratili moja ina greni 7,000, hivyo kwa greni 35 unapata risasi 200. Mtu wa .54 anayemimina greni 70 kwa ratili hiyohiyo anapata 100.

(Baruti ya gobore hupimwa kwa kikombe cha ujazo, si kwa mizani, ingawa jina la kipimo ni la uzito. Baruti mbadala kama Pyrodex ni nyepesi kuliko baruti nyeusi. Ukiipima kwa mizani ili ilingane na greni za baruti nyeusi, umezidisha.)

Kwa nini basi tusishuke hadi .32, kaliba rahisi kuliko zote? Kwa sababu tatu. Ya kwanza ni upepo: goroli la gramu 2.9 husukumwa pembeni na upepo ambao .50 haiushughulikii sana, na kwenye mita 50 tayari unaona. Ya pili ni masizi. Baruti nyeusi huacha uchafu mwingi, na katika tundu jembamba uchafu uleule ni sehemu kubwa zaidi ya nafasi. Mtutu wa .32 huanza kukaza mapema, na usipopitisha kitambaa chenye unyevu kila baada ya risasi moja au mbili, utafika mahali risasi inakwama katikati. Ya tatu ni mdeki, ile fimbo ya kushindilia risasi. Mdeki wa mbao wa .32 ni mwembamba kama penseli. Ukiushika juu sana na kuusukuma kwa nguvu hupinda, hukatika kwa mshazari, na ncha yake huingia kiganjani. Shika sentimita 15 hadi 20 tu juu ya mdomo wa mtutu, sukuma, panda tena. Kanuni hii ni ya kaliba zote, ila kwa ndogo ni lazima.

Kuna faida ndogo ya upande wa pili ambayo wapigaji huitaja kwa tabasamu: pale kanuni inapokubali tundu lililogusa mstari lihesabiwe alama ya juu, tundu la .54 linaufikia mstari kwa karibu milimita tatu zaidi ya tundu la .32. Hakuna aliyewahi kuwa bingwa kwa hilo pekee.

Jambo ambalo wengi hulielewa kinyume ni uzito wa bunduki. Mafundi hutumia chuma cha pembe nane chenye upana uleule wa nje kwa kaliba kadhaa. Chukua mtutu wa inchi 15/16, urefu inchi 32. Ukitobolewa kwa .54 una chuma pungufu cha karibu nusu kilo kuliko ukitobolewa kwa .36. Bunduki ya kaliba ndogo ndiyo nzito, na uzito huo uko mbele. Kwa mlengaji anayesimama, hiyo ni baraka, kwa sababu mtutu mzito hautikisiki ovyo. Kwa anayepanda milima Colorado tangu alfajiri ni mzigo.

Porini

Hapa swali la kwanza ni sheria ya mahali, na sheria za Marekani hutofautiana jimbo kwa jimbo. Pennsylvania, ambako kuna msimu wa magobore ya gumegume baada ya Krismasi, hudai kaliba .44 au zaidi kwa kulungu. Idaho hutaka .45 kwa kulungu, na .50 kwa elk, yule kulungu mkubwa anayekaribia ukubwa wa ng'ombe. Colorado ina mtego ambao humnasa mtu asiyesoma hadi mwisho: inaruhusu kuanzia .40 kwa kulungu, lakini hadi kaliba .50 inataka risasi yenye uzito usiopungua greni 170. Goroli la .45 lina greni 128. Bunduki inaruhusiwa, risasi yake ya duara hairuhusiwi. Goroli la .50 lina greni 177, linapita kwa unyoya. Sheria hizi hubadilishwa, kwa hiyo zisome upya kila msimu, na usome sehemu ya risasi pamoja na sehemu ya bunduki.

Baada ya sheria, mnyama. Kwa kindi na sungura, .32 au .36 kwa greni 15 hadi 25 inatosha na nyama inabaki. Goroli la .50 kwa kindi linakuachia mkia. Kwa kulungu, .45 ndiyo mpaka wa chini. Inaua vizuri ikiingia ubavuni, kwenye mapafu, ndani ya mita 60 hivi, mnyama akiwa amesimama kiubavu. Haikusamehi akiwa amekupa bega la mbele au akiwa mita 90. Kwa .50, greni 70 hadi 90, umbali wa haki ni mita 75 hadi 80. Kwa .54, greni 80 hadi 100, unaweza kufikia mita 90 kwa moyo mweupe, na huko ndiko tungemwelekeza mtu atakayewinda kulungu kwa risasi ya duara na hatapiga karatasi sana. Kwa elk, anza na .54. Vipimo hivi ni vya kawaida kwa mitutu ya kisasa iliyo mizima, lakini kikomo cha mtengenezaji kilichoandikwa kwenye kijitabu cha bunduki yako ndicho kinachotawala.

Utaona hatutaji shingo wala kichwa. Goroli laini hufanya kazi kwa kutanuka na kupenya taratibu katika mapafu. Mnyama mara nyingi hukimbia mita kadhaa kabla ya kuanguka, moshi ukiwa bado umekufunika macho. Simama, jaza tena, ndipo ufuate damu.

Msokoto, namba ambayo haisemwi dukani

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mifereji ndani ya mtutu huizungusha risasi, na kasi ya mzunguko huandikwa kwa urefu unaotosha mzunguko mmoja: 1:66 maana yake risasi inazunguka mara moja katika inchi 66. Goroli linahitaji mzunguko mdogo. Kwa .50 na .54, msokoto wa 1:60 hadi 1:70 hulibeba vizuri hata kwa baruti nyingi. Kaliba ndogo huhitaji msokoto wa haraka zaidi. Risasi ndefu, kama zile za umbo la kidole zenye uzito wa greni 350 na zaidi, huhitaji mzunguko wa kasi, 1:32 au 1:28, la sivyo hubiringika angani na kugonga karatasi kwa ubavu. Ukiona tundu lenye umbo la tundu la funguo kwenye shabaha, ndiyo dalili yake.

Kinyume chake pia huumiza. Goroli katika mtutu wa 1:28 likisukumwa kwa greni 90 hushindwa kuifuata mifereji. Huteleza juu ya matuta, kiraka huchanika, na risasi hutawanyika kama mtama. Hupona ukishusha baruti hadi greni 40 au 50, lakini hapo umepoteza bunduki ya kuwindia. Msokoto wa 1:48, ambao kampuni ya Thompson/Center iliutumia kwenye bunduki yake ya Hawken iliyotoka mwaka 1970, ni wa kati na kati: hubeba goroli na risasi fupi nene, bila kuwa bingwa wa lolote. Kwa mtu mwenye bunduki moja si vibaya.

Magobore ya kisasa yenye fataki nyuma ya mtutu, yaliyoenea baada ya bunduki ya MK-85 ya fundi Mmarekani Tony Knight mwaka 1985, karibu yote ni .50 yenye 1:28, kwa ajili ya risasi ya bastola iliyovikwa kikombe cha plastiki. Ndiyo sababu kubwa .50 imetawala rafu za maduka: vifaa vyake vinapatikana kila mahali. Ukinunua bunduki hiyo kwa ndoto ya kupiga goroli la kizamani, umenunua jina la kaliba bila mtutu wake.

Kuupata ulaji wa mtutu

Kaliba ikishachaguliwa, kila mtutu una ulaji wake, yaani kipimo cha baruti kinachoufaa. Anza chini: greni sawa na namba ya kaliba, yaani 50 kwa .50. Tumia baruti nyeusi ya chembe ndogo, FFFg, kwa .45 kushuka chini, na chembe kubwa kidogo, FFg, kwa .50 kupanda juu. Gumegume huhitaji baruti nyeusi halisi, maana mbadala nyingi hazishiki cheche kirahisi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi, ile ya ndani ya risasi za kawaida, isiingie kamwe hata kijiko, labda mtengenezaji awe ameandika waziwazi kwamba mtutu ule umejengwa kwa ajili yake. Shinikizo lake hupasua mtutu.

Piga risasi tano juu ya egemeo, panda kwa greni 5, piga tano nyingine. Kundi la matundu litabana, kisha litaanza kutawanyika tena. Rudi pale lilipobana. Wakati huohuo okota viraka, huwa vimeanguka mita chache mbele ya mdomo wa mtutu, kwani ni barua kutoka ndani. Kiraka kizuri kina duara jeusi katikati na kingo zilizochakaa kidogo, kitambaa bado kizima. Kikiwa kimeungua katikati, mafuta ni haba au baruti imezidi. Kikiwa kimekatwa kwenye duara ambapo mifereji iligusa, ama kitambaa ni chembamba ama mtutu mpya una kingo kali zinazohitaji risasi kadhaa kulainika. Michirizi myeusi hadi ukingoni ina maana gesi inapita: ongeza unene wa kiraka au ukubwa wa goroli.

Kitambaa kiwe cha pamba au kitani, kilichofumwa kwa kubana, unene wa inchi .015 hadi .018. Wamarekani hupenda kile cha mistari cha kushonea magodoro. Kitambaa kizito cha marekani kilichofuliwa mara moja kuondoa wanga kinafaa vilevile, ukikipima unene. Nailoni na poliesta huyeyuka ndani ya mtutu.

Kosa linaloharibu mitutu kuliko yote halihusu kaliba. Ni kuacha nafasi kati ya baruti na risasi. Masizi yakikaza, goroli husimama njiani, mpigaji hudhani limefika, anafyatua, na chuma huvimba pete mahali goroli lilipokuwa. Mtutu ukiwa safi na umejazwa kipimo chako cha kawaida, ingiza mdeki hadi ukae juu ya risasi, kisha uweke alama ya kisu au ya rangi pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Weka alama nyingine mtutu ukiwa mtupu. Kila ukijaza, alama ya kwanza lazima ishuke hadi mdomoni. Isiposhuka, hutafyatua. Fataki ikilia na bunduki isitoke, ielekeze kwenye shabaha kwa dakika nzima kabla ya kugusa chochote, na usimimine baruti mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye pembe au chupa: cheche moja iliyobaki ndani itawasha yote iliyo mkononi. Mimina kwenye kikombe kwanza, funika pembe, ndipo ujaze.